Panya Waliobadilishiwa Mama

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijui nilirithi wapi, maana mama yangu mzazi humwachia jirani ufunguo wa nyumba na kwenda zake kanisani bila wasiwasi. Mimi maziwa nayanusa kabla ya kuyatia kwenye chai, na buchani husimama nikikodolea mizani mpaka mwenye nyama aondoe kidole. Wasichana niliokaa nao Ngara walinitania kwamba siku ya kuolewa nitamtaka bwana harusi atoe kitambulisho mbele ya mchungaji. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni jicho la namna gani lililokuwa likiwaangalia wale panya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, nami nikisomea shahada ya pili. Maabara yetu ilikuwa kwenye barabara ya pembeni, mwendo mfupi kwa mguu kutoka maduka ya Adams Arcade, nyuma ya ua wa michongoma ambao haukupogolewa tangu nilipofika mpaka nilipoondoka. Majirani walisema tulikuwa tukiwalisha panya damu ya maiti. Hata mwenye nyumba wangu Ngara hakutaka koti langu la kazini lianikwe kwenye kamba moja na nguo za wapangaji wengine. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo.

Panya wetu walikuwa weupe wote, wa ukoo mmoja, ukimwona mmoja umewaona wote. Waliishi kwenye vizimba vya plastiki katika rafu mbili. Vizimba vya rafu ya kushoto vilipakwa doa jekundu pembeni, kwa rangi ya kucha ya kawaida, kwa sababu vibandiko vya karatasi vilitoka kila vizimba vilipooshwa. Rafu ya kulia ilikuwa na doa la buluu. Wekundu ndio waliokuwa na kirusi kinachowaletea panya saratani ya matiti. Wale wa buluu walikuwa safi.

Kirusi chenyewe hupita kwenye maziwa ya mama. Mtoto akinyonya, kinamwingia tumboni, kisha kinaichezea kinga yake ya mwili mchezo mchafu. Kinakiamsha kikosi kimoja cha chembe nyeupe za damu, wale tunaowaita askari wa mwili, kikosi kinazaana kwa fujo na kukisaidia kirusi kuenea, halafu kikosi kizima kinatoweka polepole. Panya anakua hivyo, mnene, mchangamfu, na pengo ndani ya damu yake. Miezi mingi baadaye uvimbe unajitokeza chini ya ngozi ya tumbo. Kazi yangu ilikuwa kutoa tone la damu kwenye mkia na kuangalia ni askari gani wamebaki na ni gani wameondoka. Shahada yangu yote ilikuwa ndani ya mikia ile.

Aliyewatunza alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mtu wa mkoa wa Magharibi, mwenye kitambaa kichwani na sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Mimi nilimwita Mama, yeye akaniita Daktari, kwa utani, maana nilikuwa bado sijafika hata karibu. Aliishi Kawangware na mjukuu wa kike, mtoto aliyeachwa na binti yake akiwa mchanga. Mchana alimwacha mtoto kwa jirani. Tuliambiwa binti alikufa kwa homa ya mapafu. Miaka ile kila kijana aliyekufa alikufa kwa homa ya mapafu, na wewe msikilizaji uliinamisha kichwa, ukasema pole, ukabaki na yako moyoni. Nilijua hili tu: mshahara wa pale ndio uliomlisha mtoto yule, na hakuwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo kanuni ya profesa wetu ilimhusu yeye kuliko sisi wanafunzi. Profesa alikuwa mtu mpole, lakini kwa jambo moja hakuwa na mchezo: atakayemhamisha panya kutoka kizimba kimoja hadi kingine bila ruhusa yake, siku hiyo hiyo aende nyumbani. Aliisema mbele yetu sote, Mama akiwa amesimama mlangoni na ndoo ya maranda ya kutandika vizimbani.

Profesa alikuwa na jambo jingine, alilowaambia wageni. Wafadhili walikuja mara kwa mara, wakavishwa makoti na vifuniko vya viatu, wakaingizwa chumba cha panya kabla ya kupelekwa Westlands kwa chakula cha mchana. Mama ndiye aliyeshika kizimba wakati profesa akieleza. Na kila mara alimalizia na maneno yale yale, akimwelekezea panya kidole: "Huyu ni mtu mdogo. Anachotuambia leo ndicho tutakachomfanyia mtoto kesho." Wageni waliitikia kwa vichwa. Mimi niliyasikia mpaka nikaacha kuyasikia.

Mwaka wa pili ndipo mambo yalipoharibika. Panya walikuwa wamekua, nikaanza kuwapima damu, na majibu hayakukaa sawa. Kwenye rafu nyekundu nilikuta panya wenye askari kamili, hakuna pengo hata kidogo, kama waliolelewa rafu ya pili. Kwenye rafu ya buluu nikakuta panya safi ambao kikosi chao kimekwisha. Nilirudia vipimo. Nikabadilisha dawa za kupimia, nikapima tena. Majibu yakawa yale yale, na mimi nikakosa usingizi.

Mtu mwingine labda angeshuku mashine. Mimi nilishuku watu.

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi mwenzangu, kijana wa suti, mtoto wa familia yenye mashamba Kikuyu, aliyekuwa akimalizia uzamivu wake. Kila asubuhi aliniuliza, "Sasa? Panya zako zinasemaje?" huku akitabasamu, nami nikaona tabasamu lile lina kitu ndani. Alikuwa na ufunguo. Kama panya wangu wangeharibika, mashine ya kusomea damu ingebaki yake peke yake. Nilianza kumjibu kwa neno mojamoja. Nikajua hata chai yake anakunywa saa ngapi.

Wa pili alikuwa bawabu, kwa sababu tu alipenda kuuliza panya mmoja anaweza kuuzwa wapi.

Nikaweka mitego. Nilinyunyiza poda ya watoto kwenye ukingo wa rafu ili nione alama za vidole. Nilibandika unywele wangu kati ya mfuniko na kizimba, ili mtu akifungua ukatike. Asubuhi poda ilikuwa safi na unywele mzima. Hakuna aliyegusa kitu, na hilo likanishushia heshima yangu mwenyewe, maana nilikuwa nimeanza kumshuku hata mwanamke wa usafi ambaye hakuwa na ruhusa ya kuingia. Kijana wa suti aliniona nikipuliza poda siku moja, akaniuliza kama panya wametokwa na upele. Nilimchukia kwa moyo wote.

Kisha nikauona mkoba wa Mama. Ulikuwa wazi juu ya benchi, nikapita karibu kuliko ilivyohitajika. Ndani mlikuwa na kanga, biskuti, na kikombe kidogo cha plastiki chenye doa jekundu pembeni. Rangi ya kucha. Chupa yetu ya rangi nyekundu ilikuwa ikipungua upesi, hilo nilikuwa nimeligundua zamani, na sasa nimeona inakoishia. Lakini kwa nini mtu apake kikombe? Nilimwuliza kwa sauti ya kawaida, nikijifanya sijali. Alifunga mkoba akasema ni kikombe cha mtoto, atakipeleka kwa jirani jioni. Hakuniangalia machoni.

Tangu hapo jicho langu halikumwacha. Niliona kwamba kila siku, akimaliza kubadilisha maranda, huwashika panya fulani na kuwapapasa tumbo kwa kidole gumba, taratibu, mdomo ukisogea. Si wote. Ni wachache tu, na walikuwa kwenye rafu zote mbili. Alipoondoka nikawatoa wale wale mmoja mmoja na kuwageuza chini ya taa. Ilinichukua muda kukiona kitu chenyewe, ingawa mikia ile ndiyo niliyokuwa nikiitoboa kila siku. Ncha zake zilikuwa butu. Panya wa kawaida mkia wake huishia kama sindano. Hawa walikuwa wamekatwa kipande kidogo, kidonda kikapona zamani.

Nikaenda kwenye majibu yangu ya damu. Kila panya aliyenikosesha usingizi, mwekundu au wa buluu, alikuwa na mkia butu.

Ndipo nikaelewa kwa nini mitego yangu haikunasa mtu. Nilikuwa nikilinda mlango baada ya mwizi kuondoka. Panya hutobolewa alama sikioni wakiachishwa kunyonya. Kabla ya hapo ni vinyama vyekundu visivyo na manyoya, huwezi kujua huyu ni wa nani. Aliyewahamisha aliwahamisha wakiwa wachanga, akawakata ncha ya mkia ili yeye mwenyewe awajue, na idadi ikabaki ile ile kwa sababu kila aliyetoka kushoto alibadilishwa na mmoja kutoka kulia. Na wakati wa watoto wachanga chumba kile kilikuwa na mtu mmoja tu, ili mama wa panya wasishtuke.

Nilikasirika. Si hasira ya sayansi. Nilikasirika kwamba mtu ninayemwita Mama alinitazama nikihangaika na poda na unywele, akanyamaza. Nilimngoja mchana uliofuata, wengine wakiwa wameenda kula. Nilimtoa panya mmoja, nikamlaza kwenye kiganja changu, nikaushika mkia wake mbele yake.

Hakukana. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta mikono kwenye aproni.

"Nilijua utaona," akasema. "Wewe huwezi pitwa na kitu."

Nikamwuliza nani alimlipa. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyouliza. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua.

Kisha akanieleza, polepole, na mara nyingi akirudi nyuma. Binti yake alikuwa na virusi vya ukimwi. Aligundua akiwa amekwisha jifungua, akamnyonyesha mtoto wiki chache, akafa. Mtoto alilia maziwa. Zamani, kijijini kwao, mtoto kama yule angepewa mwanamke mwingine mwenye kunyonyesha, na mambo yangeisha. Lakini Kawangware hakuna aliyethubutu; kila mwanamke alimtazama mtoto akavuta blauzi yake. Akalelewa kwa maziwa ya dukani na uji mwepesi. Na bibi akabaki na swali moja ambalo hakuwa na wa kumwuliza: zile wiki chache zilitosha kumwingiza mtoto ugonjwa, au hazikutosha?

Kumpeleka kupimwa hakuweza. Kliniki ya kwao ilikuwa na mlango mmoja, unatazama soko. "Ukionekana kwa hiyo mlango," akasema, "kesho hakuna jirani atakushikia mtoto. Na nikikosa wa kunishikia mtoto, kazi nimekosa."

Lakini kazini alikuwa na rafu mbili. Kirusi kinachopita kwenye maziwa, upande mmoja. Mama wasio nacho, upande wa pili. Na alikuwa amemsikia profesa, mara ngapi sijui, akiwaambia wageni kwamba panya ni mtu mdogo. Basi watoto wa panya walipozaliwa akawaacha wale wa rafu nyekundu wanyonye kidogo kwa mama zao, kisha akawachukua wachache, akawasugua kwa maranda ya kizimba kipya ili wanuke kama watoto wa humo, akawaweka kwa mama wa buluu. Wale wa buluu waliowapisha, akawapeleka kwa mama wekundu, maana idadi lazima itimie. Kisha akangoja waote uvimbe au wasiote. Alingoja zaidi ya mwaka, akiwapapasa kila siku, na kila siku akamwombea mtoto kwa jina. Huyo wa kikombe. Alikipaka doa jekundu, akarudia kila rangi ilipofutika, ili kisichanganywe na kikombe cha mtu mwingine yeyote nyumbani au kwa jirani, mpaka panya waseme.

"Hawajaota," akaniambia, na uso wake ukawa na mwanga fulani ulionitisha. "Wale nilitoa kwa mama mgonjwa, hakuna hata mmoja ameota. Ni hawa tu wa buluu nilipeleka kwa wekundu, mmoja ameanza. Huyo nilimkosea. Lakini wangu hawajaota, Daktari."

Ningeweza kunyamaza. Ilikuwa furaha ya kwanza niliyoiona usoni pake. Lakini mimi ninayejua kushuku watu sijui kudanganya, na nikamwambia. Kirusi kile ni cha panya, hakimgusi mtu. Kile cha binti yake ni kingine kabisa, kina njia zake. Hata hawa panya wenyewe hawakusema kitu kimoja: damu yao niliipima, wengine waliohamishwa wako kamili, wengine wana pengo tayari, uvimbe bado tu kufika. Na hata wangekuwa wote wazima, hawamjui mtoto wake.

Nilidhani atalia.

"Kwani hizi panya mnafuga za nini," akasema, "kama haziwezi niambia kitu juu ya mtoto wangu?"

Mpaka leo nikiulizwa kazi yangu ni nini, husita kwanza.

Mambo ya kazi niyamalize hapa, yasije yakachanganyika na yanayofuata. Jumatatu nilimwambia profesa, kwa sababu vipimo vyangu havikuwa na maana bila kusema panya wamebadilishwa, na Mama mwenyewe alinikubalia nimwambie. Alinisikiliza amevua miwani. Nilimweleza pia kuhusu maneno yake kwa wageni. "Yale ni maneno ya wageni," akasema, "kila mtu anajua." Nikamwambia yeye hakujua. Alivaa miwani. Mama aliondoka siku ile ile, kama kanuni ilivyosema, akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni Westlands. Mikia butu yote iliuawa, nami nikaanza upya na kuchelewa kuhitimu. Kijana wa suti alinipa zamu zake za mashine bila kuombwa. Nilitafuta sababu ya siri ya wema ule nikaikosa.

Lakini Jumamosi kabla ya hapo tulikuwa Ngara, mimi, Mama na mtoto. Nilimchagulia zahanati ndogo ya ghorofani, juu ya duka la vitambaa, mahali ambapo mtu anayepanda ngazi anaweza kuwa anaenda kushonesha nguo. Hakuna aliyemjua pale. Mtoto alikuwa amepita umri wa mwaka mmoja na nusu, anakimbia, anataka kushika kila kitu. Umri ambao kipimo cha kawaida cha damu kinaweza kuaminiwa. Nesi alimchoma kidole, akalia kidogo, akapewa biskuti. Tukasubiri kwenye benchi. Mama hakuomba wala kuimba. Alikitazama kile kidole kilichochomwa.

Nesi alituita, akafunga mlango, akasema mtoto hana virusi.

Mama akamwomba apime tena. Nesi akaanza kueleza, kisha akatuangalia, akachukua kifaa kipya na kidole kingine. Jibu likawa lile lile. Hapo Mama akanigeukia mimi. Si nesi, mimi.

"Wewe huamini mtu," akasema. "Unaonaje?"

Nilikuwa nimesoma jina la kifaa, nimeangalia tarehe kwenye pakiti, nimemchunguza nesi anavyovaa glavu. Sikuwa nimeacha kitu. Nikamwambia naamini. Nilikuwa naamini kweli, na nilishangaa jinsi neno lenyewe lilivyokuwa gumu kutoka.

Tulishuka tukaingia kioski cha chai upande wa pili wa barabara. Mwenye kioski alileta chai ya maziwa kwenye jagi na gilasi mbili. Mama alifungua mkoba, akatoa kile kikombe chenye doa jekundu, akamimina. Mtoto akanyoosha mikono, kwa sababu ni chake, hakuna mwingine aliyewahi kukinywea.

"Ngoja, mama yangu," bibi yake akamwambia.

Akakiinua kikombe mdomoni mwake, akanywa kwanza.